Quedar na quedarse: nitazitofautishaje?

Swali
Wanajukwaa, kitenzi cha Kihispania quedar kinanichanganya. Kamusi inasema "kubaki", lakini nakikuta kwenye habari za nguo, miadi, hata kuelekezana njia. Kwa nini ni me quedan veinte euros na si quedo? Na ile se ya quedarse inaongeza nini?

Jibu la 1
Nianze na hilo la euro, maana ndilo linaloangusha wengi. Usifuate mpangilio wa "nimebakiwa na euro ishirini", ambapo kiima ni mimi. Fuata "zimenibakia euro ishirini": kiima ni euro, me ni yambwa tendewa. Kwa hiyo kitenzi hufuata idadi ya kilichobaki: me queda un euro, me quedan dos.

Nguo nazo hufuata umbo hilohilo. Esta camisa te queda bien, shati hili limekukaa. Te queda grande, linakupwaya. Te queda estrecha, linakubana. Viatu ni wingi: los zapatos te quedan grandes.

Jibu la 2
Kuhusu se: quedarse ni mtu kubaki mahali au kuingia katika hali fulani. Me quedé en casa, nilibaki nyumbani. Se quedó ciego, alipofuka. Se quedó dormido, alipitiwa na usingizi. Quedarse sin ni kuishiwa: nos quedamos sin agua, tuliishiwa maji.

Chunga sana hapa: quedo con Ana ni kupanga kuonana na Ana, ila me quedo con Ana ni kubaki naye. Ukichagua bidhaa dukani, me quedo con este maana yake nachukua hiki.

Jibu la 3
Ndugu hapo juu amemaliza se, naongeza vihusishi, yaani en, de na con. Makubaliano ni quedar en pamoja na kitenzi-jina: quedamos en vernos el lunes, tulikubaliana tuonane Jumatatu. Meksiko utasikia pia quedamos de vernos. Quedar con ya miadi ni ya Hispania zaidi.

Kwa mahali, ¿dónde queda la estación? ni sahihi kwa sababu stesheni haihami. Funguo zikipotea tumia estar: ¿dónde están las llaves?

Muulizaji
Asanteni. Kwa hiyo "zimebaki dakika tano" ni quedan cinco minutos, bila me?

Jibu la 1
Ndiyo. Ukiweka me, dakika hizo zinakuwa zako: zimekubakia wewe, pengine za kumalizia mtihani.