Usipige stata tena

JUMAMOSI

Rehema: Jamani gari limenizimikia barabarani. Nilikuwa kwenye mwendo wangu wa kawaida, halikukohoa wala kutetemeka, likakata ghafla. Nimeliserereshea pembeni.

Mama: Uko salama mwanangu? Una watoto humo?

Rehema: Salama mama, niko peke yangu. Usukani uligeuka mzito na breki nayo ikawa ngumu, ndicho kilichonitisha.

Mjomba Idi: Injini ikifa, msaada wa usukani unaondoka na wa breki unabaki kidogo tu kwenye busta, kile kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu. Siku nyingine ikitokea, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie. Ukipampu unaumaliza. Sasa washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, halafu toka ukae mbali na barabara.

Hamisi: Dada, piga stata tena, labda ni petroli tu. Ikikataa tafuta watu wakusukume, weka gia ya pili uachie klachi.

Mjomba Idi: Hamisi, hapana. Rehema usiguse ufunguo. Ulipojaribu kuwasha mara ya kwanza stata ililiaje?

Rehema: Shikamoo mjomba. Nilijaribu mara moja tu. Inazunguka, tena kwa kasi kuliko siku zote. Wiiiii, moja kwa moja.

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Injini nzima ikizungushwa na stata utaisikia inapanda na kushuka, kwa sababu kila silinda inabana hewa na stata inapata kazi. Ikienda laini hivyo, hewa haibanwi. Nina wasiwasi mkanda wa taimingi umekwenda.

Fatuma: Petroli ikiisha haiwi hivyo hivyo, mjomba?

Mjomba Idi: Petroli ikiisha mara nyingi gari litakohoa na kuvuta kwa shida kabla halijazima. Na stata inabaki na sauti yake ileile.

Hamisi: Lakini kama mkanda umeshakatika, kusukuma kuna ubaya gani?

Mjomba Idi: Ubaya mkubwa. Nisome polepole. Mkanda ule unaunganisha krenki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kemu, shafti ya juu inayofungua valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja, ndiyo maana valvu zinafunguka wakati pistoni imezipisha na kufunga kabla haijapanda. Mkanda ukiachia, kemu inasimama palepale ilipo, baadhi ya valvu zikiwa wazi. Krenki yenyewe bado inazunguka kwa sababu gari liko kwenye mwendo. Pistoni inapanda inazigonga. Sasa wewe usukume gari na kuachia klachi, magurudumu ndiyo yataizungusha krenki, na yana nguvu kuliko stata. Valvu iliyopinda kidogo itapinda zaidi. Ikikatika kichwa na kuangukia juu ya pistoni, hapo tunazungumzia injini nyingine.

Hamisi: Nimekuelewa mjomba. Dada usisukume.

Mama: Kaka, ndiyo kusema injini imeshakufa?

Mjomba Idi: Bado hatujui, dada. Ziko injini za zamani ambazo pistoni haifiki kabisa zilipo valvu. 4A-FE ya Toyota ni mojawapo, ile mkanda ukikatika unafunga mwingine unaendelea na safari. Ya Rehema si ya aina hiyo, namba yake naijua. Lakini hata kwenye hizi zinazogongana, siku moja moja hutoka salama. Tusihukumu kabla hatujafungua.

Rehema: Brekidauni imefika. Wanauliza wanivute kwa kamba au wapakie juu?

Mjomba Idi: Wapakie. Gia zako ni za mkono, kwa hiyo likivutwa likiwa nyutro haliharibiki, ila wewe ndani utakuwa umeshika usukani na breki zisizo na msaada nyuma ya lori. Sitaki. Lingekuwa otomatiki ningesema ni mwiko kabisa magurudumu yanayoendesha kugusa chini.

JUMATATU

Rehema: Fundi amefungua kava ya juu. Anasema mkanda uko mzima, tatizo ni pampu ya petroli. Ametuma picha.

Hamisi: Naona kweli uko mzima.

Mjomba Idi: Ni mzima huko juu tu. Mwambie atoe plagi zote nne, aweke spana kwenye boliti ya puli ya krenki, azungushe kwa mkono, polepole mno. Wewe simama uangalie gia ya kemu. Akihisi kitu kinagota asimame hapohapo, asilazimishe hata kidogo.

Rehema: Krenki imesogea. Gia ya kemu haikutikisika!

Mjomba Idi: Afungue kava ya chini.

Rehema: Mjomba. Meno yamenyolewa huku chini kwenye gia ya krenki. Kipande kizima cha mkanda hakina jino. Na kote kumelowa oili.

Mjomba Idi: Basi tumepata na sababu. Sili ya mbele ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke, inavuja. Mpira ukilowa oili unavimba na kulainika, kisha meno yanaachia pale pagumu zaidi, kwenye gia ndogo ya chini. Mtu akifunga mkanda mpya bila kubadilisha sili hiyo, ataurudia tena mapema sana.

Fatuma: Yule aliyekuuzia si alisema mkanda ni mpya?

Rehema: Alisema kwa mdomo. Karatasi hakuna, kibandiko chochote ndani ya boneti hakuna.

Mjomba Idi: Gari kuukuu lisilo na maandishi nalihesabu kuwa halijabadilishwa. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Mengi ya petroli huandikiwa kilomita 100,000 hivi, mengine hushuka hadi 60,000, mengine hupanda mpaka 160,000. Na kuna miaka pia, maana mpira unazeeka hata gari likilala. Watu hushika kilomita wakasahau miaka.

Rehema: Sasa fundi anataka afunge mkanda mpya leo, apige stata tuone.

Mjomba Idi: ASIPIGE. Nipe namba yake niongee naye. Au mpe simu asome hapa.

Mjomba Idi: Fundi, habari za kazi. Naomba tufuate hivi. Kwanza zungusha krenki kwa upole mpaka pistoni zote nne zikae katikati ya silinda, yaani robo mzunguko kutoka alama ya juu. Hapo kemu inaweza kuzunguka bila valvu kugusa pistoni. Weka gia ndani na vuta handbreki. Zungusha kemu kwa mkono mpaka valvu za silinda ya 1 zifunge zote, kisha puliza hewa ya kompresa kidogo kupitia tundu la plagi na usikilize. Hewa ikisikika kwenye bomba la egzosi, valvu ya kutolea imepinda. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni ile nyingine. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, hiyo ni ringi za pistoni, habari tofauti. Fanya hivyo silinda zote. Zikishika hewa zote ndipo tufikirie mkanda.

Rehema: Amesoma. Anasema sawa mzee, atafanya kesho asubuhi.

Mama: Asante kaka. Mungu akulinde.

JUMANNE

Rehema: Majibu. 1 na 4 zimeshika. 2 na 3 zinapuliza kwenye egzosi, unasikia wazi kabisa ukiweka sikio.

Hamisi: Pole sana dada.

Rehema: Fundi anashauri nitafute injini iliyotumika, ifungwe nzima, biashara iishe. Mnasemaje?

Hamisi: Kama ni haraka si bora hivyo?

Mjomba Idi: Mimi sikubali, na nitaeleza. Injini iliyotumika inakuja na mkanda usioujua, sili usizozijua na kilomita usizozijua. Utakuwa umenunua swali lilelile. Hii ya Rehema haikuwa inakula oili wala haikuwa inachemsha. Kwanza apitishe kamera ndogo ya waya kwenye matundu ya plagi ya 2 na 3, aone vichwa vya pistoni.

Rehema: Amepitisha. Kuna alama mbili ndogo zenye umbo la mwezi, juujuu tu. Hakuna ufa wala tundu.

Mjomba Idi: Alhamdulillahi. Basi hedi ishuke, yaani kile kichwa cha injini chenye valvu. Valvu zote zilizopinda zitoke, na zile zinazoonekana nzima nazo zipimwe, macho hayatoshi. Waangalie njia zinamopita shina za valvu, zisiwe zimepasuka. Hedi iwekewe rula ya chuma ionekane kama imenyooka. Gasketi ya hedi mpya, na boliti za hedi kama kitabu kinasema hazirudiwi, zisirudiwe.

Rehema: Naandika.

Mjomba Idi: Upande wa mbele: mkanda, tensiona inayoukaza, beringi ya aidla inayouongoza, sili ya krenki, sili ya kemu, na wota pampu kwa sababu yako inazungushwa na mkanda huohuo. Hata kama pampu haivuji. Kazi ya kufika pale ndiyo kubwa, kifaa chenyewe ni kidogo. Na mkanda mpya wasiukunje wala kuupinda ndani nje, unaumia ndani bila kuonekana.

Fatuma: Mjomba na langu je? Nimeogopa sasa.

Mjomba Idi: Lako lina cheni, inakaa ndani ya oili, haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda. Wewe usichelewe kubadilisha oili tu. Ukisikia inatatarika mbele ya injini asubuhi unapowasha, nipigie.

Rehema: Fundi amekubali orodha yote. Anauliza kama akishamaliza kufunga anaweza kuwasha mwenyewe au anisubiri.

Mjomba Idi: Akusubiri. Akishafunga, azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na alama za krenki na kemu zirudi mahali pake. Zikikosea hata jino moja anafungua upya. Zikikaa, piga picha ya alama zote mbili kabla hajarudisha kava, unitumie. Nikiziona ndipo apige stata.

Rehema: Sawa mjomba. Nimemwambia, na amesema hatagusa ufunguo mpaka nifike.