Mtu anagusa wino mbichi kwa KIDOLE halafu anauliza mbona haujakauka. Nimechoka!!!

Mama Mihuri (mtoa mada)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Jina simtaji. Mnamjua. Kila penye karatasi, mkasi na pedi ya wino yupo, hakualikwa, hana hata penseli yake mwenyewe, na ana maoni juu ya kila kitu.

Leo amefanya. Amefanya kile.

Kadi ipo mezani. Neno HONGERA limegongwa kwa mhuri na wino wa pigmenti juu ya karatasi ya kung'aa. Wanaojua wameshaanza kulia. Kwa wasiojua: wino wa dai (dye, rangi iliyoyeyuka) hunyonywa na nyuzi za karatasi, ndiyo maana hukauka upesi. Wa pigmenti haunyonywi hivyo, chembe zake hukaa juu juu. Kwenye karatasi ya kawaida utakauka ukiuvumilia. Kwenye karatasi ya kung'aa hauna pa kuingilia, unaweza kubaki mbichi mpaka huyo anayepongezwa astaafu. NA NDIVYO TUNAVYOTAKA! Ubichi huo ndio unaoshika unga wa embosi, ule unaoyeyushwa kwa joto maandishi yakanyanyuka. Kopo la unga lilikuwa limeshafunguliwa. Kijiko kimo. Hita imeshachomekwa kwenye umeme.

AKAIGUSA. KWA KIDOLE.

Tena si kwa bahati mbaya. Kidole kimetua kwenye H, kikavutwa taratibu mpaka A, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaangalia ncha ya kidole. Akaniangalia. Akasema: "Mbona haijakauka?"

Mbona haijakauka. MBONA HAIJAKAUKA.

Sasa inasomeka HON, halafu wingu la zambarau. Na kidole akakifutia kwenye bahasha. Nyeupe. Ya kadi ileile.

Sina swali. Sitaki ushauri. Nataka mkasirike na mimi.

---

Kibao cha Mbao

Ngoja kwanza. Alifutia kwenye BAHASHA?

---

Mama Mihuri

Bahasha. Pande zote mbili.

---

Gramu 300

Huyo huyo ndiye anayekunja kadi nene kwa kucha halafu analalamika rangi imepasuka kwenye mkunjo na weupe unaonekana. Bwana wee, karatasi ina mwelekeo wa nyuzi! Ishike, ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kupinda bila ubishi ndiko mkunjo unakotaka kwenda. Kisha rula, kisu butu cha kukunjia, chora mfuo (mstari uliobonyea wa kukunjia), ndipo ukunje. Karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba kwenda juu bila mfuo ni uhuni.

---

Fundi Lawama

Mtoa mada na wewe punguza. Ukishagonga wino wa embosi unamwaga unga papo hapo. Meza si jumba la maonyesho. Umeacha kazi wazi, mtu kaja kutazama, umekuja kulia huku.

---

Mama Mihuri

Kutazama kunafanywa kwa MACHO.

Na usinifundishe haraka. Pigmenti kwenye karatasi ya kung'aa inakupa dakika kadhaa bila wasiwasi. Wino wa kukimbizana nao ni wa dai, ule ukichelewa umeshanywewa na unga hauna pa kushika. Ilibaki kunyunyiza tu. Kunyunyiza! Kijiko kilikuwa hewani na yeye yuko kwenye herufi ya N.

---

Pedi Kichwa Chini

Pole sana dada. Ila kitaalamu kadi haijafa. Neno hugongwa kwenye kipande cha juu, si kwenye kadi yenyewe, ili kikiharibika ukitupe peke yake. Chukua A4, ikate nusu upate A5, kunja kwenye sentimita 10.5, hiyo ni A6 ya milimita 105 kwa 148. Kipande cha rangi 99 kwa 142. Kipande cha kugongea 93 kwa 136. Hapo unabaki na ukingo wa milimita 3 kila upande. Unagonga, unachoma, ukiridhika NDIPO unabandika. Gundi huja mwisho.

---

Mama Mihuri

Nimesema sitaki ushauri. Suala si kipande. Suala ni KIDOLE. Ningegonga kwenye dari angepanda ngazi.

---

Vumbi la Dhahabu

Kuna jambo mnalisahau. Hata hicho kipande kipya, kama alikishika kwanza, kimekwisha. Mafuta ya kidole hushika unga. Utagonga vizuri, utamwaga dhahabu, utakung'uta, utachoma, na pembeni ya neno inatokea alama ya kidole, imenyanyuka, inang'aa, imekaa kifahari kabisa. Kitambulisho chake.

Dawa ni kifuko cha poda kabla ya kugonga. Kama huna, chukua wanga wa mahindi kidogo, ufunge ndani ya kitambaa chepesi, upitishe juu ya karatasi kwa kugusagusa. Poda inaua umeme tuli na inakausha mafuta. Kisha gonga, mwaga unga mwingi (hakuna faida ya kuubania, unaobaki unarudi kopoani), geuza karatasi, piga mgongo wake kwa ukucha, na chembe sugu zitoe kwa brashi nyembamba KAVU. Brashi ikiwa na unyevu umeharibu kuliko yeye.

---

Mama Mihuri

Hakuna aliyeharibu kuliko yeye.

---

Sina Subira

Huyo wako ana nafuu. Wa kwangu anachomea embosi kwa drai ya nywele. Pumzi ya drai inapeperusha unga kabla haujayeyuka, na joto lenyewe halitoshi. Anasimama pale dakika nzima anapuliza, dhahabu imetua kwenye nyusi, neno limebaki na vumbi la hapa na pale, halafu anasema UNGA ndio feki.

---

Vumbi la Dhahabu

Hita ya embosi ina joto kali na pumzi ndogo, ndiyo tofauti. Iwashe ikiwa mbali na kadi, iache ishike moto, ndipo uisogeze. Anzia chini ya karatasi kama unga ni mwepesi. Utaona chembechembe zinageuka ute unaong'aa, sehemu moja baada ya nyingine, fuata huo mng'ao. Ukishafika mwisho TOKA. Wengi wanang'ang'ania kuongeza "kidogo tu", unga unazama kwenye karatasi, unakuwa bapa, unafanana na tone la mafuta. Na karatasi inajipinda.

Na usiguse kwa sekunde chache. Unga uliotoka kuyeyuka unavutika.

---

Mama Mihuri

Usiguse. Umeona? Kila hatua ya ufundi huu ina neno USIGUSE ndani yake. Mtu mzima anashindwa nini?

---

Fundi Lawama

Muda uliotumia kuandika huu uzi ungeshagonga kadi sita.

---

Kibao cha Mbao

Mimi hasira zangu ziko kwa wanaoyumbisha mhuri. Unaona mtu anaweka mhuri kwenye karatasi halafu anaubembeleza, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ukingo wa mpira unagusa karatasi, unapata mistari ya ajabu kuzunguka ua. Mhuri unashuka wima, unabonyezwa kwa kiganja katikati na pembeni BILA kuyumba, unapanda wima. Ukiwa mkubwa, wino ndio unaufuata mhuri: ulaze mhuri sura juu, gusagusa kwa pedi mpaka uso mzima ung'ae sawasawa. Kuukandamiza mhuri kwenye pedi kunaujaza wino mpaka kwenye mitaro.

Na watengenezaji wanaobandika picha upande juu ya kibao cha mbao, Mungu anawaona. Unalenga kwa picha ya juu, chini mpira umekaa pembeni.

---

Angavu Daima

Ndiyo maana wenye akili tulihamia mihuri ya polima. Ni angavu, unaona kupitia kwake. Unaubandika kwenye kibao cha akriliki, unatazama unapogonga. Kwaheri kubahatisha.

---

Kibao cha Mbao

Polima yenu mpya ikigonga mara ya kwanza inatoa madoadoa, wino umejikusanya vitone vitone. Mpira haunifanyii hivyo.

---

Angavu Daima

Ni utando wa kiwandani unaokataa wino. Sugua sura yake taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, osha, gonga mara mbili tatu kwenye karatasi ya majaribio. Na polima ni laini, haihitaji nguvu zako za kupasua kuni. Ukikandamiza sana mistari inavimba, herufi ndogo zinaziba. Weka kipande cha sponji nyembamba CHINI ya karatasi, acha mkono upumzike.

---

Kibao cha Mbao

Na ukiusahau dirishani?

---

Angavu Daima

Unageuka njano. Na mpira ukiusahau dirishani unapasuka. Tuendelee?

---

Rangi Zimekimbia

Mkiwa mnagombana, mimi naomba kumsemea yule mwingine, mnamjua pia, anayegonga kwa StazOn halafu anapaka kwa Copic. Kila siku analeta picha ya ndege mwenye mdomo mweusi uliosambaa mpaka mkiani, anauliza "nimekosea wapi". StazOn ni wino wa kiyeyusho. Copic ni kalamu ya alkoholi, nayo ni kiyeyusho. Zinakutana, zinapendana. Kwa kalamu za alkoholi tafuta wino wa dai unaokubaliana nazo, Memento kwa mfano, uache ukauke kwanza. Kwa rangi za maji mambo yanageuka: hapo ndipo StazOn inakaa imara, na wino usiostahimili maji ndio unaochuruzika.

Ameambiwa. Ameambiwa kwa lugha zote. Keshokutwa analeta sungura.

---

Sina Subira

Sungura tayari ameleta. Masikio yote meusi.

---

Mama Mihuri

Jamani turudi kwenye kidole.

---

Pedi Kichwa Chini

StazOn hiyohiyo mtu anaisafisha kwa tishu za mtoto, haitoki, anaongeza nguvu mpaka anang'oa mhuri kwenye sponji yake. Wino wa maji unatoka kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Wa kiyeyusho unataka kisafishio chake, na kwa polima hakikisha kisafishio kinafaa polima, vingine vinailainisha ikanata. Doa likibaki liache, doa halichapi. Kinachochapa ni uchafu ulioganda kwenye mitaro.

---

Fundi Lawama

Hapa sasa tunazungumza. Mimi nina ugomvi na wanaosema tuta la mkunjo liwe nje.

---

Gramu 300

Tuta linakuwa NDANI. Unapochora mfuo, upande mmoja unapata mtaro, wa pili unapata tuta. Unakunja kuelekea kwenye tuta, tuta linabaki ndani ya kadi. Hivyo nyuzi za nje hazivutwi sana na karatasi haipasuki.

---

Sina Subira

Mimi naona ni kinyume, mtaro ndio njia ya kukunjia.

---

Gramu 300

Unaona kwa sababu unatumia gramu 120, hiyo inasamehe kila dhambi. Lete gramu 300 yenye rangi ya juu tu, kunja vipande viwili, kimoja kila namna. Weka picha hapa.

---

Mama Mihuri

Huu uzi ulikuwa wa malalamiko yangu.

---

Boksi Halifungi

Samahani kwa kuingilia. Kwa kuwa mmefika kwenye kukunja: kwa nini kifuniko cha boksi la zawadi hakiingii? Karatasi ya chini sentimita 15 kwa 15, mifuo sentimita 3 kila upande. Ya kifuniko nayo 15 kwa 15, mifuo hiyohiyo. Kinagoma.

---

Fundi Lawama

Umetengeneza vitu viwili vinavyolingana halafu unataka kimoja kimmeze mwenzake.

---

Pedi Kichwa Chini

Chini umepata boksi la sentimita 9. Kifuniko kinatakiwa kizidi, fanya 9.3. Ukitaka kina cha sentimita 2, karatasi yake ni 13.3 kwa 13.3, mifuo kwenye 2 kila upande. Kata mfuo mmoja kila pembe mpaka makutano tu, usipitilize hata kidogo, vinginevyo pembe inatoboka. Kwenye masikio ya pembeni, vile vipande vya kubandikia, tumia tepu ya pande mbili, gundi ya maji inaikunja karatasi na kuta zinakuwa na mawimbi.

---

Boksi Halifungi

Milimita 3 si nyingi? Kitacheza.

---

Gramu 300

Kwa gramu 200 hata 2 zinatosha. Kwa 300 weka 3. Ukibandika karatasi ya mapambo kwenye kuta za boksi la chini, ongeza tena.

---

Vumbi la Dhahabu

Na mapambo yagongwe karatasi ikiwa bapa, kabla ya kukunja. Kuna mtu namjua anagonga boksi likiwa limesimama, kuta zinabonyea, ua linatoka nusu, halafu anasema mhuri umeisha.

---

Sina Subira

Yule wa utepe?

---

Vumbi la Dhahabu

Huyo huyo. Utepe nao anaufunga kabla kifuniko hakijaingia.

---

Boksi Halifungi

Nimekata 13.3. Kimeingia. Ila sasa hakitoki.

---

Fundi Lawama

Umebandika masikio kwa nje au kwa ndani?

---

Boksi Halifungi

Ya boksi la chini yako nje.

---

Gramu 300

Anza upya.