Antivirasi imeniumbua mbele ya kamati ya harusi, tena kwenye TV inchi 43

Bwana Bajeti:
Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Watu ndio kwanza wametoka kwangu, vyombo bado viko mezani, na wife kajifungia chumbani anamsimulia dada yake kwenye simu huku anacheka. Anadhani sisikii.

Huyo mshenzi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayekaa pale chini kulia karibu na saa. Ukiwasha tu kompyuta anakukumbusha kwamba bila yeye ungeshazikwa. Akianza kukagua faili, feni inanguruma mpaka majirani wanauliza kama tumefungua mashine ya kusaga.

Sasa leo kikao cha harusi ya mdogo wangu kimefanyika kwangu. Mhazini ni mimi. Nimechomeka waya wa HDMI kwenye TV, nimefungua Excel, majina yote yako pale: safu ya ahadi, safu ya waliotoa, na wanaodaiwa nimewapaka nyekundu. Nikasimama. Nikawasema watu. Nikamsema hadi mjomba, nikamwambia kwa heshima zote, mjomba, ahadi ni deni, haiwezekani mtu mzima uahidi laki tano halafu simu hupokei. Kimya. Watu wanaangalia zulia. Nikamalizia: "Mtu kama hana hela, asiahidi."

Hapo hapo, wakuu. HAPO HAPO. Likaruka dirisha katikati ya TV, likafunika hadi jina la mjomba: MALIPO YAKO YAMEKATALIWA. KADI HAINA SALIO LA KUTOSHA.

Inchi 43.

Kwa kuwa ilikuwa kwa Kiingereza nikajipa moyo, wazee hawataelewa. Shangazi yetu, mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, halafu akatafsiri. Neno kwa neno. Hakuna aliyemwomba.

Nikaikimbilia ile X ya kufungia, wameipaka kijivu juu ya kijivu, bila darubini huioni. Kubonyeza tu, ikafunguka tovuti yao: punguzo asilimia 70, leo tu, na saa inahesabu kurudi nyuma. Nikafunga. Likaja dirisha jingine linaniuliza kwa nini nataka kuondoka, nichague sababu. Mjomba akasema, "Chagua hiyo ya sina hela."

Nani aliwatuma wakate? Nilinunua ya mwaka mmoja kwa bei ya ofa. Mwaka umeisha, wanajihuishia wenyewe kimyakimya, tena kwa bei zaidi ya mara mbili, na wakikosa wanatangaza! Tangu nimejua kompyuta, hakuna kirusi kilichowahi kunisomea salio mbele ya wageni.

MALIPO YAMEKATALIWA. Na upande wa bibi harusi walituma watu wawili, wakakaa sofa ya mbele.

Sitaki ushauri. Nataka hawa watu wafungwe.

Chapati Baridi:
Nimecheka nimemwaga chai kwenye kibodi. Huyo mjomba anywe bia kwa bili yangu.

Kijana wa Tegeta:
Tafuta hela mkuu.

Bwana Bajeti:
Hela ninazo! Ile ni kadi ya mtandaoni, naiweka hela nikitaka kununua kitu tu.

Kijana wa Tegeta:
Na mjomba laki tano anayo, ila iko kwenye kadi nyingine.

Injinia wa Mbagala:
Umepigwa kihalali. Windows 10 na 11 zinakuja na antivirasi yake ndani, Defender, hulipi hata senti. Ulipoweka ya kununua, Defender ikakaa pembeni yenyewe. Ukiing'oa hiyo, inarudi kazini. Ila kwanza ingia kwenye akaunti yako kule kwao uzime kujihuisha. Kufuta programu hakuvunji mkataba, utakuwa umeitoa kwenye kompyuta na kadi bado inagongwa. Halafu kama bado uko Windows 10, ujue Microsoft ilisitisha huduma zake Oktoba 14, 2025.

Bwana Bajeti:
Nimesema SITAKI USHAURI.

Injinia wa Mbagala:
Basi endelea kusomewa salio.

Mama Vitenge:
Una uhakika ni yenyewe lakini? Mwanangu alibonyeza "ruhusu" kwenye tovuti moja ya muvi, tangu hapo kila dakika naambiwa kompyuta ina virusi, nilipie haraka. Nembo ya antivirasi na kila kitu. Kumbe ni arifa za kivinjari tu, matapeli. Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome nikaondoa ruhusa ya ile tovuti, kimya.

Bwana Bajeti:
Ni yenyewe dada yangu. Tapeli asingejua kadi yangu haina kitu.

Kijana wa Tegeta:
Umeona? Kakiri.

Mzee wa Posta:
Vijana, hawa watu msiwazoee. Mwaka 2024 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliwabana Avast, kampuni ya antivirasi, walipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti wanazopita wateja wao. Yaani unayemlipa akulinde ndiye anayepeleka umbea. Mwaka huohuo Marekani ikapiga marufuku Kaspersky, antivirasi ya Warusi, kuuzwa kule, ikafika Septemba wateja wake wengine wanawasha kompyuta wanakuta antivirasi nyingine, UltraAV, imeshajiweka. Sisemi wa mleta mada ni mmoja wao, hajamtaja.

Chapati Baridi:
Mzee, Marekani baadaye. Sisi tunataka habari za shangazi. Hiyo "haina salio la kutosha" aliitafsirije?

Bwana Bajeti:
"Yaani hana kitu."

Chapati Baridi:
😭😭😭 Apewe uenyekiti wa kamati.

Fundi Flashi:
Mimi nina stationery karibu na chuo, antivirasi yangu ya kulipia. Wanafunzi wanaleta flashi, faili zote zimegeuka shotikati, yenyewe inatazama tu. Nafungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, naandika attrib -h -r -s /s /d, mafaili yanajitokeza, zile shotikati nafuta kwa mkono. Sasa kaja dada na ripoti yake ya utafiti, ina makro (amri ndogo ndani ya faili) za watu wema kabisa, mwisho wa kukabidhi ni saa kumi. HIYO ndiyo ikaiona! Ikaibeba karantini saa tisa na nusu. Tumeipata, lakini maneno niliyoambiwa pale dukani siwezi kuyaandika hapa.

Mchambuzi Huru:
Mnalia antivirasi, mimi king'amuzi kimekata dakika ya 88, penalti imeshawekwa. Nimelipia jana!

Mama Vitenge:
Afadhali king'amuzi kimekata chako peke yako. Huku kwetu umeme unakata mtaa mzima.

Bwana Bajeti:
Wakuu, mada ni antivirasi.

Ndugu Msemakweli:
Mimi kilichonikera humu si antivirasi. Ni nyie mnaochangisha watu laki tano tano halafu mnawapaka nyekundu kwenye TV. Mjomba mtu mzima! Mungu kamlipia papo hapo.

Kijana wa Tegeta:
Msemakweli kaongea. Mwezi mmoja nina kadi za harusi nne, mshahara mmoja.

Ndugu Msemakweli:
Nilichanga laki moja harusi fulani Sinza, nikapewa kadi ya mtu mmoja. Nafika, soda moja ya moto na sambusa mbili. Moja haina nyama.

Bwana Bajeti:
Jamani rudini kwenye mada. Yule jamaa kaniletea dirisha jingine sasa hivi wakati naandika.

Chapati Baridi:
Sambusa bila nyama ina nini ndani?

Ndugu Msemakweli:
Kitunguu na hewa.

Mama Vitenge:
Sinza ipi? Kama ni ukumbi wa ghorofani, MC ana suti ya zambarau, na mimi nilikuwepo. Pilau iliishia meza ya sita, sisi wa meza ya tisa tukaletewa keki.

Ndugu Msemakweli:
Huohuo! Nyie mlipata keki?