Naomba ushauri: kutembea kando ya mto na watoto wadogo

Habari zenu wakuu. Nataka kuipeleka familia kutembea mashambani, kwenye njia tambarare inayofuata mto, isiyo na milima. Tuna mtoto wa miaka minne, mwingine bado yuko kwenye kigari, na bibi yao anayesumbuliwa na magoti (ila ukimwacha nyumbani, atanuna wiki nzima).

Hofu yangu ni kingo. Mvua ikishanyesha, udongo wa mtoni huteleza, na pengine humeguka. Je, bora njia ya mzunguko, au ya kwenda na kurudi palepale, ili wakichoka tugeuze? Mimi naegemea hii ya pili. Na kigari kitapita kwenye matope, au nimbebe mtoto mgongoni? Wenye uzoefu, nisaidieni.