Usiku mtoto akizidiwa, nani anatoa gari?

Kikundi: MAJIRANI MWEMBENI (Mbagala)

Mama Jamila, 18:52
Habari za jioni wote. Mmeshasikia ya Tupo. Degedege limemshika saa nane usiku, mama yake kagonga mageti matatu hakuna aliyefungua. Kapelekwa hospitali ya Rangi Tatu kwa bodaboda ya kuokota barabarani. Leo tupange. Kila mtu ajibu, msisome mkanyamaza, wanaosoma nawaona.

Mama Jamila, 18:53
Mambo mawili. Kwanza zamu ya usafiri wa usiku. Pili kila nyumba itoe elfu mbili kwa mwezi, ikae ya mafuta na dharura ya watoto.

Side Bajaji, 18:57
Mtoto anaendeleaje lakini?

Mama Jamila, 18:58
Kalazwa. Malaria kali. Nesi Rehema akitoka zamu ataeleza.

Fundi Mudi, 19:03
Mungu amponye. Mimi geti nililisikia, nikadhani ni wale Yanga wanashangilia

Deo, 19:04
Yanga wanashangilia, Simba mnalia 😂 zile tano bado hazijawaisha

Fundi Mudi, 19:04
Wewe Deo wewe 😂😂 ngoja msimu uishe

Mama Jamila, 19:06
Mpira nje jamani. Mtoto kageuza macho meupe nyie mnaleta mpira.

Baba Kelvin, 19:20
Naona nalengwa mimi. Simu iliisha chaji, geti sikulisikia. Ila niseme. Mwaka juzi nilimbeba mtoto wa watu usiku, gari likatapikiwa, siti nikaosha mwenyewe, mafuta yangu, hata pole sikuambiwa. Na zile pesa za taa za uchochoroni ziko wapi? Giza mpaka leo. Sasa tunachanga tena?

Mangi Dukani, 19:24
Za taa tulishamaliza kwa mjumbe. Zilinunua waya.

Baba Kelvin, 19:25
Waya uko wapi?

Mama Jamila, 19:25
JAMANI. TUNAONGELEA WATOTO.

Deo, 19:31
Si kuna 115, bure kabisa? Dada yangu alibebwa na gari kutoka kijijini mpaka wilayani hakutoa hata mia

Nesi Rehema, 20:11
Ndiyo nimetoka kazini. Deo, 115 ni ya m-mama. Inabeba wajawazito, waliojifungua na vichanga. Tupo ana miaka miwili, haimhusu. Mtoto wa umri wake anabebwa na jirani, ndiyo maana Mama Jamila anapiga kelele.

Nesi Rehema, 20:19
Sasa nisikilizeni. Mama Tupo alikuwa peke yake na wanne wakamjia juu. Mmoja kamlazimishia mtoto kijiko mdomoni, jino la mbele limeng'oka. Mwingine kamsugua kitunguu. Mwingine kasema asipelekwe hospitali kwanza, degedege halichomwi sindano. Hapo muda umeshakwenda.
Mtoto akianza kukakamaa mlazeni chini kwa ubavu, mate na matapishi yatoke nje yasimpalie. Legezeni nguo shingoni. Msimbane mikono. Msimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa ya homa, mpaka azinduke. Mmoja aangalie saa. Dakika 5 zikipita bado anarusha, hapo ni hatari kubwa. Na hata likikatika kwa dakika moja, hospitali ni usiku huohuo, msingoje kukuche.

Side Bajaji, 20:23
Mimi nilisikia homa alikuwa nayo tangu mchana, akapewa panadoli ikashuka

Nesi Rehema, 20:26
Panadoli inashusha joto tu, vimelea vinabaki vinaendelea. Homa ya mchana ndiyo ya kupima. Ni tone la damu la kidole, ndani ya dakika 20 majibu yametoka. Jana usiku alipofika sukari ilikuwa chini sana. Wakamwekea sukari kwa mshipa, akafumbua macho mama yake akiangalia. Sindano ya malaria kachomwa alipofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ikitimia saa 24.

Mwajuma wa Juu, 20:30
Dada Rehema na kama hana degedege nitajuaje kuwa kazidiwa? Wangu ana miezi saba

Nesi Rehema, 20:34
Akishindwa kunyonya au kunywa. Akitapika kila anachopewa. Akilegea au akilala usiweze kumwamsha. Moja tu linatosha, usisubiri yatimie. Mfunue na nguo umtazame anavyopumua. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi, ondoka nyumbani hapohapo.

Mwajuma wa Juu, 20:35
Asante dada. Nimeinakili

Mjukuu wa Bibi Mwanahawa, 20:41
Shikamooni. Bibi kasomewa yote, anasema niandike kama anavyotamka.
"Aliyesema sindano simtaji. Maneno hayo niliambiwa na mimi, kwa Salehe wangu, kabla ya kumzaa mama yake huyu anayeandika. Wakasema ni dege kampitia, wakamfukiza. Baiskeli ya baba yake ilikuwa mlangoni usiku kucha. Asubuhi ndiyo ikaendea sanda. Baba Kelvin, mwanangu, gari likitapikiwa niiteni, nitaliosha mimi. Geti fungua."

Mama Jamila, 20:58
Shikamoo bibi. Tumesikia.

Fundi Mudi, 21:02
Shikamoo bibi

Baba Kelvin, 21:37
Shikamoo bibi. Jumatatu mpaka Jumatano niandikeni, simu itakuwa na chaji na sauti juu. Wikiendi huwa sipo. Ila elfu mbili sitoi mpaka hesabu ya taa isomwe.

Side Bajaji, 21:40
Alhamisi na Ijumaa mimi. Mafuta tu, nauli sitaki

Mama Jamila, 21:41
Mungu akubariki Side. Jumamosi na Jumapili nani?

Mama Jamila, 21:55
Jumamosi na Jumapili?

Mama Jamila, 22:20
Kuna nyumba tatu hapa zina magari. Siwataji.

Mwl. Ngonyani, 06:14
Poleni sana, ndiyo naona sasa. Ni mtoto wa nani?

Mama Tupo, 06:40
Asanteni majirani. Kamaliza sindano ya tatu, kaamka kaomba uji. Daktari anasema bado wanamwangalia. Anayeweza aniletee khanga na chupa ya chai, nilitoka na nguo niliyolalia.

Mama Jamila, 06:42
Alhamdulillah. Chai na khanga naleta mimi saa mbili. Mwalimu soma juu, halafu uniambie, pikipiki yako Jumamosi ipo?

Mangi Dukani, 07:05
Waya uko stoo kwangu. Anayetaka kuuona aje.

Baba Kelvin, 07:06
Nakuja sasa hivi

Mama Jamila, 07:09
Mwalimu?