Kope la Mama Mkubwa

*Kikundi cha Ukoo, Mwanza*

Mama Mkubwa, 12:41 jioni: Wanangu mwadila. Kope la kushoto limeanguka tena. Leo pale sokoni Mwaloni nimehesabu hela huku nimelishikilia kwa kidole. Noti moja ya elfu kumi naiona mbili.

Anko Sengerema: Pole dada. Hicho ni kijicho cha watu. Tangu uongeze chanja ya pili ya dagaa, wale majirani salamu zao zimebadilika.

Mdogo Igoma: Au usingizi? Anaamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi.

Dada Nesi: Shikamoo Mama Mkubwa. Asubuhi kope linakuwaje?

Mama Mkubwa: Marahaba. Asubuhi liko sawa kabisa. Linaanza kushuka saa nane hivi.

Dada Nesi: Nimeikuza picha ya Jumapili asubuhi kanisani, kweli macho yote yamefunguka. Ya leo uliyotutumia, kope limefika katikati ya mboni. Mdogo wangu uko naye? Mmulike kwa tochi ya simu, jicho moja moja, utazame mboni.

Mdogo Igoma: Zote zinasinyaa. Ziko sawasawa.

Dada Nesi: Afadhali. Mboni moja ingekuwa imetanuka na kichwa kinagonga ghafla, ningesema mpakieni kwenye bajaji sasa hivi, maana huenda mshipa wa damu kichwani umevimba unakandamiza neva. Mama, nyama unatafunaje?

Mama Mkubwa: Nikifika nusu sahani taya zinachoka. Nilidhani ni uzee, nikanyamaza.

Dada Nesi: Hapo ndipo moyo wangu umeshtuka. Kuna ugonjwa unaitwa miastenia gravisi. Kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na msuli, kwa hiyo amri ya ubongo inafika imefifia. Msuli ukitumika unachoka, ukipumzika unarudi. Ugonjwa huu mara nyingi huanzia machoni. Ukishuka kooni na kwenye kupumua, ni hatari. Sijasema unao, daktari ndiye atapima.

Shangazi Duka: Nina vidonge vya sipro na kwinini hapa, nimpelekee aanze?

Dada Nesi: Hapana shangazi, tafadhali! Hizo zinaweza kuuzidisha. Na kesho mmweleze daktari kwamba tunauhofia ugonjwa huu, kabla hajaandika dawa yoyote.

Anko Sengerema: Kama ndio wenyewe, unatibika?

Dada Nesi: Kuumaliza kabisa ni vigumu, ila unadhibitiwa, Anko. Kuna vidonge vya piridostigimini, kope hunyanyuka, na vingine vya kutuliza kinga. Watapiga picha ya kifua pia, kuna tezi nyuma ya mfupa wa kifua ambayo kwa wengine huota uvimbe. Kesho asubuhi tukutane hospitali ya Bugando. Usiku huu akishindwa kumeza mate au pumzi ikawa fupi, msingoje kuche.

Mama Mkubwa: Kesho nina ndoo nane za dagaa juani.

Anko Sengerema: Nakuja na kivuko cha kwanza cha Kamanga. Wewe nenda hospitali dada, dagaa nitawaanua mimi.

Mama Mkubwa: Wabeja. Uwageuze saa nne, wasiungue.