Filamu bubu za kale: zipigiwe muziki wa kielektroniki, au tuziache na muziki wa zama zake?

Mleta mada: Wakuu, hoja yangu ni moja. Sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, haijaharibu filamu bubu hata moja. Kinachoziharibu ni mkono unaogusa picha ili ifuate muziki. Filamu iachiwe urefu wake, kasi yake na kadi zake za maandishi (yale yanayotokea kati ya picha), kisha mtunzi atumie chombo anachotaka. Wanaodai "muziki wa asili" wajibu kwanza: asili ipi? Filamu nyingi za miaka ya 1910 na 1920 hazikuwahi kutungiwa muziki wa kwao peke yao. Ukumbi mkubwa ulikuwa na okestra, mdogo ulikuwa na mpiga piano mmoja, na kila mtu alipiga alichoona kinafaa.

Mtunza kanda: Kwa nyingi nakubali, ila Metropolis usiitie kwenye kapu hilo. Mwongozaji Fritz Lang aliizindua filamu hiyo Berlin Januari 1927 ikiwa na muziki wa mtunzi Gottfried Huppertz, na maandishi ya muziki ule yana alama zaidi ya 1,000 zinazotaja nini kiko kwenye picha noti fulani inapopigwa. Nakala ndefu ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008, alama hizo zilisaidia kurudisha vipande mahali pake. Muziki ule ni ushahidi, si pambo. Halafu tazama toleo la 1984 la Giorgio Moroder, mtunzi wa muziki wa kielektroniki: takriban dakika 80, kadi nyingi zimeondolewa na maneno kushushwa chini ya picha, rangi zimepakwa, nyimbo za kuimbwa zimewekwa juu. Anayeona hilo tu anadhani ameiona Metropolis.

Mleta mada: Hapo unambebesha Moroder mzigo usio wake wote. Filamu ilianza kukatwa mwaka huohuo wa 1927, Marekani na Ujerumani kwenyewe. Zile dakika kama 25 zilizorudi baada ya 2008 hakuwa nazo. Kosa lake hasa ni kadi. Kadi ya maandishi ni pumzi: jicho linasoma, mwili wa mwigizaji unatulia, muziki unapata nafasi ya kugeuka. Ukiiondoa, mandhari mbili zinagongana na mdundo hauna pa kushukia.

Fundi mitambo: Mnabishana kuhusu ala, mimi naona tatizo liko kwenye hesabu. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja. Zilipigwa na kuonyeshwa kati ya fremu (picha moja moja za kanda) 16 na 24 kwa sekunde, wakati mwingine kidogo nje ya hapo. Futi 1,000 za kanda ya milimita 35 ni fremu 16,000. Kwa fremu 16 kwa sekunde hizo ni dakika 16 na sekunde 40; kwa 24 ni dakika 11 na sekunde 7. Mtunzi akipewa faili bila kuambiwa kasi, anatunga kwa ajili ya filamu nyingine kabisa.

Mfano: gurudumu la mashine linazunguka mara moja kila fremu 36. Kwa kasi ya 24 hiyo ni sekunde 1.5, na mdundo wa mapigo 120 kwa dakika unatoa mapigo matatu kamili kila mzunguko. Safi. Filamu ileile ikionyeshwa kwa 20, mzunguko ni sekunde 1.8, na mapigo yanakuwa 3.6. Tangu mzunguko wa kwanza unaona ngoma inakwenda huku na chuma kinakwenda kule. Inabidi ushuke hadi 100. Mpiga piano hurekebisha kwa jicho bila kufikiri. Mashine haina jicho.

Mtunza kanda: Si hoja yangu hiyohiyo? Mdundo wa mashine hauvumilii.

Mpiga sintesaiza: Haivumilii ukiifunga kwenye kasi moja filamu nzima. Chora ramani ya kasi kwanza: kila mandhari na namba yake. Na msigonge ngoma kwenye kila mkato, yaani kila picha inapobadilika. Huo ndio ugonjwa wa wanaoanza, picha inageuka video ya wimbo. Chagua mikato michache mikubwa, mingine iache ipite katikati ya pigo. Kadi ikitokea, toa ngoma, bakiza sauti ndefu moja.

Sauti kubwa nayo. Kwenye filamu bubu hakuna mazungumzo ya kuyapisha, kwa hiyo watu wanajaza kila pembe kwa dakika 90 na masikio yanachoka kabla ya nusu. Wastani wa LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unatosha, vilele visipite desibeli -1. Bendi ya Pet Shop Boys walipoipigia filamu bubu ya Battleship Potemkin pale Trafalgar Square, London, mwaka 2004, sintesaiza zilikaa pamoja na ala za nyuzi za okestra ya Dresdner Sinfoniker. Nyuzi zinapumua pale mashine isipoweza.

Fundi mitambo: Ongezeni hili. Mkionyesha picha kwenye kompyuta moja na muziki kwenye nyingine, angalieni kasi ya fremu 24 na ile ya 23.976 kwa sekunde. Tofauti ni sekunde 3.6 kwa saa. Anzisheni kipande chake cha muziki upya kila mwanzo wa riili (gurudumu moja la kanda). Kwa riili ya dakika 15 hamtakosea zaidi ya sekunde moja. Na faili ya sauti ya kilohezi 44.1 (sampuli za sauti kwa sekunde, kwa maelfu) ikisomwa kama 48, muziki unapanda karibu nusu toni moja na nusu na kumalizika mapema. Watu humlaumu mtunzi.

Mtunza kanda: Basi diski iwe na njia mbili za sauti, wa Huppertz na wa kielektroniki, juu ya picha ileile isiyoguswa.

Mleta mada: Sawa kabisa. Zote zianze kwenye fremu ileile, na mlio wa fremu moja sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza ili zilinganishwe.

Mtunza kanda: Na mtazamaji asipochagua kitu, inayolia iwe ya Huppertz.

Mleta mada: Hapo siafiki. Menyu ifunguke kwanza, achague mwenyewe.